CHANJO KWA NDUGU ZETU WASIOONA: KUTOKA TANGAZO HADI KADI



 

Ndugu msomaji, katika wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa haupiti mwaka bila tangazo la chanjo. Mara ni matone ya polio, mara ni surua, mara ni chanjo ya wasichana, mara ni mahujaji wanaojiandaa na safari. Tangazo hubandikwa kwenye ukuta wa zahanati, kwenye mlango wa ofisi ya kijiji au kwenye mti ulio karibu na gulio, na siku hizi hutumwa pia kwenye makundi ya WhatsApp likiwa katika picha. Mwenye macho husoma na kupita. Je, asiyeona analipataje?

Makala hii inakusudia kueleza jambo moja. Kinachomzuia mtu asiyeona kupata chanjo mara nyingi si macho yake, wala si sindano yenyewe. Ni jinsi sisi tunaoona tulivyoipanga safari ya kuifikia hiyo sindano. Safari hiyo ina hatua zake, na kila hatua inaweza kupitika kwa masikio na kwa mikono, maadamu yupo mtu wa kujali. Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa madrasa.

NI NANI TUNAOWAZUNGUMZIA?

Wengi wetu tukisikia neno "asiyeona" humfikiria mtu aliye gizani kabisa tangu kuzaliwa. Lakini ukweli ni kwamba watu hawa wako wa aina mbalimbali:

(a) Wapo wasioona kabisa, wengine tangu utotoni na wengine wamepoteza kuona ukubwani.

(b) Wapo wenye uoni hafifu. Hawa huona mwanga au umbo la mtu, lakini hawawezi kumtambua kwa sura wala kusoma maandishi madogo. Wengi wa ndugu zetu wenye ualbino wamo katika kundi hili.

(c) Wapo wazee ambao macho yao yamefifia kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho au presha ya macho. Hawa hawajiiti wasioona. Utawasikia wakisema tu kwamba macho yamechoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona la namna moja au nyingine, na kwamba kwa wasiopungua bilioni 1 miongoni mwao tatizo hilo lingeweza kuzuiliwa au bado halijatibiwa. Wengi wao ni watu waliovuka umri wa miaka 50.

Tofauti hizi zina maana kubwa katika kusaidia. Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza kuona akiwa mtoto. Hapa mkoani kwetu, Shule ya Msingi Mugeza Mseto iliyopo Bukoba imefundisha watoto wasioona pamoja na wenzao wanaoona. Aliyepita katika shule ya namna hiyo atasoma tangazo la nukta nundu kwa vidole vyake bila taabu. Lakini bibi aliyepoteza kuona akiwa na miaka 60 hajui nukta hizo. Yeye anahitaji sauti. Naye kijana mwenye uoni hafifu huenda akahitaji tu maandishi makubwa, meusi, kwenye karatasi nyeupe. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya kumsaidia mtu, muulize anasaidikaje.

KWA NINI CHANJO?

Huenda mtu akauliza, wasioona wana shida nyingi, kwa nini tuzungumzie chanjo? Sababu zipo tatu.

Kwanza, yapo magonjwa yanayozuiwa kwa chanjo ambayo yenyewe hupofusha. Surua ikimpata mtoto aliyepungukiwa na vitamini A inaweza kuharibu kioo cha mbele cha jicho lake na kumwacha bila kuona. Rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi au kasoro ya moyo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, na mtoto huipata akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Sasa fikiria mama asiyeona ambaye mtoto wake amekosa chanjo hiyo kwa sababu tangazo lilikuwa la kusomwa kwa macho. Hasara aliyoipata mama kwa kukosa karatasi inaweza kuhamia kwenye macho ya mwanawe. Hili si jambo dogo.

Pili, mtu asiyeona huujua ulimwengu kwa kugusa. Hushika ukuta, meza, mlango na kiwiko cha anayemwongoza. Wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19 watu walipoambiwa wakae mbali mbali na wasigusane, yeye hakuwa na njia ya kutembea bila kumshika mwenzake. Mtu wa namna hii anahitaji kinga zaidi, si pungufu.

Tatu, chanjo siyo ya watoto wachanga peke yao. Wasichana hupata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Anayekwenda Hijja hutakiwa kuchanjwa homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kuingia Saudi Arabia. Katika makundi yote haya wamo wasioona: msichana, mzee, hujaji, mama na baba.

LILILOTOKEA MWAKA 2021

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua utoaji wa chanjo ya UVIKO-19 nchini, naye akachanjwa hadharani. Shehena ya kwanza ilikuwa ya dozi zaidi ya milioni 1 za aina ya Janssen, zilizofika kupitia mpango wa COVAX. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi sugu. Wizara ya Afya ilifungua ukurasa wa intaneti ambapo mtu aliweza kujiandikisha na kuchagua kituo. Chanjo ilikuwa ya hiari, hivyo kituoni palikuwa na fomu ya ridhaa ya kujazwa.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili kwa makini. Umri ulioitwa mwanzo, yaani miaka 50 na kuendelea, ndio umri ambao macho ya watu wengi huanza kufifia. Hao ndio waliopewa ukurasa wa kusoma kwenye skrini na fomu ya kusoma kwenye karatasi. Hakuna aliyekusudia kuwaacha. Lakini njia ikipangwa kwa ajili ya macho peke yake, wasio na macho huachwa hata bila kukusudiwa.

Baadaye katika mwaka huohuo mkazo ulihamia kwenye kuwafuata watu walipo: magulioni, kwenye nyumba za ibada na majumbani. Mpango wa namna hiyo humfaa sana asiyeona, kwa sababu hapo huduma ndiyo inayotembea, naye husikia sauti ya mtu badala ya kutafuta karatasi.

Tatizo hili halikuwa la kwetu tu. Huko Marekani, nchi yenye kompyuta kila mahali, kurasa nyingi za kujiandikisha ziliwashinda wasioona. Mwezi Juni 2021 serikali ya huko ilifungua laini ya simu kwa watu wenye ulemavu, ambapo mtu alizungumza na mhudumu, akasaidiwa kupata kituo, kuweka miadi na hata kutafutiwa usafiri. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2016, vituo vya huduma ya afya ya umma vya England vinatakiwa kuandika kwenye kumbukumbu za mgonjwa jinsi anavyotaka kupewa taarifa, kama ni kwa maandishi makubwa, kwa nukta nundu au kwa sauti, na kisha kumpa kwa njia hiyo. Tunajifunza kwamba hata penye mitambo mingi, mwisho wake watu walirudi kwenye sauti ya binadamu. Sauti tunayo sisi pia, na haihitaji umeme.

Dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 ilitangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023, lakini kampeni za chanjo hazijamalizika. Mwezi Septemba 2023 Kagera ilikuwa miongoni mwa mikoa sita iliyofanya kampeni ya matone ya polio kwa watoto wa chini ya miaka 8, baada ya ugonjwa huo kugundulika mkoani Rukwa. Aidha, mkoa wetu umeonja ugonjwa wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 wilayani Bukoba na mwaka 2025 wilayani Biharamulo. Ugonjwa huo haukuwa na chanjo iliyoidhinishwa, na kinga kubwa ilikuwa ni taarifa. Hivyo watu wa Kagera tunajua thamani ya taarifa kumfikia kila mtu kwa wakati.

MAFUNZO YA DINI YETU

Wanafunzi wa Sira wanamjua swahaba Abdullah ibn Umm Maktum (R.A.), ambaye hakuwa akiona. Ndiye aliyeteremshiwa habari yake mwanzoni mwa Surat Abasa, pale Mtume (S.A.W.) alipokumbushwa asimgeukie mbali mtu aliyemjia akitaka mafunzo. Baada ya hapo Mtume alimheshimu sana, na alipata kumwachia Madina aisimamie yeye alipokuwa safarini.

Lakini lipo jambo lingine ambalo halitajwi sana. Ibn Umm Maktum alikuwa muadhini pamoja na Bilal (R.A.). Katika Ramadhani, adhana ya Bilal ilisomwa usiku bado haujaisha, na adhana ya Ibn Umm Maktum ndiyo iliyowajulisha watu kuwa alfajiri imeingia na kula kumekwisha. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba, kwa kuwa haoni, hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha.

Tuzingatie hapo. Kazi ya kutambua alfajiri ni kazi ya macho, na bado alipewa asiyeona. Hakuambiwa akae nyumbani kwa kuwa haoni mwanga. Walikuwepo watu wa kumwambia wakati umefika, naye akaifanya kazi yake kikamilifu mbele ya mji mzima. Huo ndio msaada tunaouzungumzia: mwenye macho anatoa taarifa, na mwenye jambo anabaki kuwa yeye mwenyewe. Vilevile imepokewa na Tirmidhi kwamba kumwonea njia mtu mwenye udhaifu wa kuona ni sadaka.

Na adhana yenyewe ni funzo. Wito wa swala haukuwekwa katika maandishi wala katika moto wa kuonekana mlimani. Umewekwa katika sauti, ili amsikie mwenye macho na asiye na macho. Hata wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, nao walipiga mbiu, hawakubandika.

HATUA SITA, KUTOKA TANGAZO HADI KADI

Sasa tuipitie safari yenyewe. Tuchukue mfano wa mama asiyeona anayeishi kitongoji cha mbali huko Nyaishozi au Mabira, mwenye mtoto wa miezi 9.

1. Tangazo

Tangazo lisomwe, lisibandikwe tu. Lisomwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kanisani, kwenye mkutano wa kitongoji, gulioni, na kwenye redio za jamii kama FADECO ya Karagwe. Lisomwe kwa Kiswahili na pia kwa Kinyambo, maana wapo wazee wasiopata Kiswahili vizuri. Liseme mambo matano bila kuacha hata moja: chanjo gani, kwa nani, wapi, siku na saa gani, na namba ya simu ya kuuliza.

Ama tangazo la WhatsApp lililo katika picha, simu yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti, kama TalkBack, mara nyingi haiwezi kulisoma inavyotakiwa. Dawa yake ni nyepesi: andika maneno hayo kama ujumbe wa kawaida, au rekodi sauti yako ukiyasoma na kuituma chini ya picha.

2. Miadi

Kwa chanjo nyingi za watoto hakuna miadi ya intaneti. Mama huenda kliniki. Lakini siku ya kwenda ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga ndani ya chupa yenye dozi kadhaa. Ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa 6, na inayobaki humwagwa. Kwa sababu hiyo zahanati ndogo nyingi hukusanya watoto kwa siku maalumu ili chupa isiharibike. Mwenye macho akifika siku isiyo yake, amepoteza safari ya asubuhi moja. Mama asiyeona, aliyelazimika kumtafuta msindikizaji, kumlipa bodaboda na kubeba mtoto, akiambiwa arudi Alhamisi, huenda asirudi tena.

Basi miadi yake ni simu. Kabla ya safari mpigie muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji, uulize siku, na umweleze kuwa anakuja mama asiyeona ili wamtarajie. Anayeshindwa kupata namba ya kituo anaweza kupiga 199, namba ya bure iliyotangazwa na Wizara ya Afya wakati wa UVIKO-19.

Mfundishe pia kupiga mwenyewe. Simu ya kitochi ina kinundu kidogo juu ya namba 5. Akikigusa hicho, namba nyingine zote huzipata kwa kuhesabu: 2 iko juu yake, 8 chini yake, 4 kushoto na 6 kulia. Namba ya muuguzi iwekwe kwenye kitufe kimoja cha kupiga haraka. Menyu zile za kuanza na nyota na kumaliza na reli zina ugumu wake, kwani hujifunga baada ya muda mfupi kabla programu ya sauti haijamaliza kusoma. Hapo ndipo msaada wa mtu wa karibu unapohitajika.

3. Njia

Milima ya Karagwe na Kyerwa inajulikana, na njia zake wakati wa mvua ni utelezi. Anayemwongoza asiyeona asimkokote kwa mkono wala asimsukume mbele. Mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, nawe utangulie nusu hatua. Atahisi kwa mwili wako kuwa mnapanda, mnashuka au mnakata kona. Mwambie kabla ya kufika: "kuna mtaro mbele," "ngazi tatu za kupanda." Penye njia nyembamba rudisha mkono wako nyuma ili afuate mgongo wako. Akiwa na fimbo nyeupe, usiishike fimbo hiyo. Hiyo ni sawa na jicho lake.

Panda naye bodaboda mmoja mmoja, na umwambie dereva kwa sauti, naye akisikia, mahali pa kumshusha. Mwanamke asindikizwe na mwanamke mwenzake au maharimu wake, na yeye ndiye achague ni nani.

4. Mapokezi, foleni na fomu

Foleni ya kituo cha afya huenda kwa macho: watu hutazama nani katangulia, au husubiri kuonyeshwa kidole. Asiyeona hukaa hapo mpaka jua linazama ikiwa hakuna wa kumwambia. Ukifika jitambulishe kwa mhudumu, mwambie kuwa mwenzako haoni, umkalishe kwa kumwekea mkono wake kwenye mgongo wa benchi, na umweleze mlango uko upande gani. Ukitaka kuondoka hata kidogo, muage. Hakuna unyonge kama kuzungumza na mtu kumbe ameshaondoka.

Ikiwa ipo fomu ya ridhaa, isomwe yote, neno kwa neno, kwa sauti ambayo majirani kwenye foleni hawaisikii. Usimfupishie kwa kusema "weka dole hapa, ni mambo ya kawaida." Ridhaa ni yake, na haiwi ridhaa kama hajui kilichoandikwa. Akiwa na swali, aitwe muuguzi amjibu. Akikataa chanjo ya hiari baada ya kueleweshwa, asilazimishwe wala asisimangwe.

5. Sindano

Mhudumu azungumze na mwenye kuchanjwa mwenyewe. Wapo wanaomuuliza msindikizaji, "Huyu ana miaka mingapi?" ilhali mwenyewe yupo na anasikia. Msindikizaji mwema hujibu kwa adabu, "Mwenyewe atakwambia." Kabla ya kuchoma, mhudumu ataje jina la chanjo, aguse mahali atakapochoma na kusema kuwa sasa anachoma. Mwenye macho huiona sindano ikija na kujiandaa. Asiyeona hushtuka asipoambiwa.

Aelezwe pia yatakayofuata: mkono kuuma, homa ndogo kwa siku moja au mbili, na dalili zipi zikitokea arudi haraka. Kwenye kampeni ya polio mtoto hupakwa wino kidoleni. Mama asiyeona aambiwe ni kidole gani, ili timu nyingine ikipita aweze kueleza.

6. Kadi na tarehe ya kurudi

Hapa ndipo wengi hupotea. Tarehe ya kurudi huandikwa kwa kalamu kwenye kadi, na kadi huwekwa sandukuni pamoja na karatasi nyingine. Zipo njia rahisi za kuifanya kadi isomeke kwa mikono:

(a) Kata pembe moja ya kadi ya mtoto wa kwanza, na pembe mbili za kadi ya mtoto wa pili, ili mama azitofautishe kwa kugusa.

(b) Funga uzi wenye mafundo. Chanjo za mtoto mchanga hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, yaani kila baada ya wiki 4. Basi funga mafundo manne, na kila Ijumaa mama afungue moja. Fundo la mwisho likifunguka, muda wa kliniki umefika.

(c) Tarehe irekodiwe kwa sauti kwenye simu, au simu itegwe ilie siku moja kabla.

(d) Mtu mmoja anayeaminika, aliyechaguliwa na mwenyewe, aweke tarehe hiyo kwenye daftari lake na kumkumbusha.

MAMBO YA KUJIEPUSHA NAYO

Msaada usio na adabu humuumiza mtu kuliko kuachwa. Hivyo tujiepushe na haya:

– Kumpigia kelele. Haoni, lakini masikio yake ni mazima.

– Kumwita "kipofu" kama jina lake. Ana jina, na akiwa mkubwa wako ni Babu, Bibi, Mama au Mzee. Anza kwa kumwamkia na kujitaja: "Shikamoo Bibi, mimi ni fulani mtoto wa fulani, kutoka madrasa."

– Kutoa siri yake. Ukimsomea mtu kadi au namba ya kitambulisho chake, umebeba amana. Usiipeleke kijiweni wala kwenye kundi la simu.

– Kumpiga picha ukimsaidia ili uonekane.

– Kumtoza fedha kwa huduma ambayo ni bure. Chanjo za kawaida za watoto hutolewa bila malipo.

TUFANYE NINI KATIKA MADRASA YETU?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa ndugu zetu haki ya kupata huduma za afya bila kubaguliwa, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Kwa hiyo viongozi wana wajibu wao, na Chama cha Wasioona Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1964, kimekuwa kikiwasemea wanachama wake. Lakini sheria haimfikishi mtu zahanati. Anayemfikisha ni jirani.

Tunapendekeza kila madrasa ifanye haya, ambayo hayahitaji bajeti:

Kwanza, Ustadh akishirikiana na mwenyekiti wa kitongoji aandae orodha ndogo ya wasioona na wenye uoni hafifu katika eneo lake, Waislamu na wasio Waislamu, kwa idhini yao wenyewe. Jirani ni jirani.

Pili, kila mmoja wao apangiwe wanafunzi wawili wakubwa, wavulana kwa wanaume na wasichana kwa wanawake. Likija tangazo, wawili hao wampelekee kwa mdomo siku hiyohiyo.

Tatu, mwanafunzi mmoja mwenye sauti nzuri apewe kazi ya kusoma matangazo ya afya baada ya swala ya Ijumaa na kuyarekodi kwa ajili ya simu. Asiachwe nje mwanafunzi asiyeona katika kazi hii. Akisomewa mara moja au mbili huyahifadhi, na huenda akayatangaza vizuri kuliko sisi.

Nne, wanafunzi wafanye mazoezi ya kuongozana wawili wawili, mmoja akiwa amefungwa kitambaa machoni, kutoka madrasa hadi bombani na kurudi. Baada ya hapo wabadilishane.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja aina tatu za watu wenye tatizo la kuona, na njia moja inayofaa kumpa kila mmoja taarifa.

2. Kwa nini zahanati ndogo hupanga siku maalumu ya chanjo ya surua na rubela?

3. Ibn Umm Maktum (R.A.) alisaidiwaje katika kazi yake ya kuadhini? Tunajifunza nini katika kumsaidia mtu kupata chanjo?

4. Katika kitongoji chenu, ni nani ambaye hakulipata tangazo la mwisho la chanjo? Nenda kamuulize.

Swali la nne halina jibu katika makala hii. Jibu lake liko nyumba chache kutoka unapoishi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa macho ya wasioona na masikio ya wasiosikia, awape afya watoto wetu, na atukubalie kidogo tunachokifanya. Aamiin.